Mbatata za Mama Mkwe

Nianze na mchaichai. Kati ya shamba langu na shamba la mama mkwe wangu kuna mstari wa mchaichai. Tuliupanda ili mvua isishushe udongo, maana tunalima mlimani juu ya Likasi, mahali ambapo ukiangusha ndoo unaifuata mpaka bondeni. Mstari huo si mpana. Mbuzi anauruka. Mimi siruhusiwi kuuvuka bila kuitwa.

Mke wangu, Adrienne, ni wa familia ya Kasai. Babu yake aliletwa huku kuchimba shaba, akazaa, akafa, akazikwa hapa. Watoto na wajukuu wamezaliwa Likasi, tunasali nao parokia moja, lakini mambo ya ukwe hawajayapunguza hata kidogo. Mama mkwe humtazami usoni. Humsemeshi moja kwa moja. Ukiwa na neno, unampa mkeo alipeleke. Kitu chake hukigusi kwa hasira. Ukikigusa unatoa mbuzi, na mbuzi haondoi aibu, anaipunguza tu. Baba yangu alikuwa Msanga wa hapahapa. Kwetu heshima ipo, lakini haimfungi mtu mdomo namna hiyo. Mimi nina mdomo. Mwaka wa ishirini na mbili huu wa ndoa naubeba kama mzigo.

Sasa mbatata, vile viazi mviringo. Mlima huu ulikuwa unatoa mbatata nzuri. Nilipotoka kazi ya reli nikaanza kulima, ndoo moja ya mbegu ilikuwa inarudisha ndoo kumi. Baadaye nane. Baadaye tano. Mwaka juzi ilirudisha tatu. Watu walisema udongo umechoka, wakaongeza mbolea ya kuku. Udongo ukashiba, mbatata zikabaki vilevile.

Mwaka jana nilipanda lori mpaka uwanda wa juu wa Biano, kwenye shamba moja linalozalisha mbegu. Agronomi wa pale, bwana shamba wao, aliniwekea mashina mawili mbele yangu. Moja lilikuwa na majani mapana. Jingine majani yake yalikuwa yamejikunja kama kijiko, yana madoa ya njano, na ukiyabana mkononi yanalia kama karatasi. Aliniambia hivyo ni virusi. Haviliui shina, vinalimaliza nguvu. Vinabebwa na vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyokaa chini ya jani na kunyonya. Vikishaingia vinashuka mpaka kwenye mbatata yenyewe, kwa hiyo ukiipanda mbatata hiyo umepanda ugonjwa. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Unang'oa shina linaloumwa mapema, unalitoa shambani, na unapanda mbegu safi. Niliacha shule darasa la tano, na jambo hili nililielewa kwa dakika kumi.

Nilitoa pikipiki yangu nikapewa magunia mawili madogo ya mbegu safi. Pikipiki nzima. Adrienne alikaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu nilimwambia: msimu huu hatuuzi hata moja na hatuli hata moja, tunazalisha mbegu, na msimu ujao tunajaza shamba lote. Nilipanda mistari ishirini, wiki ya kwanza ya Januari. Katika mlima mzima hakukuwa na mbegu nyingine safi. Kama zile zingeugua, sikuwa na pikipiki ya pili.

Februari mvua ilikatika siku tisa. Jua kali, upepo mkavu, hali ambayo vidukari wanaipenda. Siku ya kumi nilisimama penye mchaichai nikatazama upande wa pili. Shamba lote la mama mkwe lilikuwa limejikunja.

Mama Émérence ana miaka sabini na moja na mgongo ulionyooka kuliko wangu. Alikuwa anapalilia katikati ya mashina yale kama mtu anayefagia nyumba inayoungua. Nilimwita Adrienne aje asimame kati yetu. Tunasema Kiswahili cha huku: minye ni mimi, njo ni ndio, bantu ni watu.

“Ambia Mama mbatata yake iko na bugonjwa,” nilisema. “Ang'oe zile za njano yote, leo.”

Adrienne aligeuka. “Mamu, Ruffin anasema mbatata yenu inaonekana kuchoka kidogo.”

“Sikusema kuchoka. Nimesema bugonjwa. Virusi.”

Mama Émérence hakuinua kichwa. Alikuwa hatua sita kutoka kwetu na masikio yake ni mazima. “Adrienne, ambia bwana yako nimesikia. Umuulize, mbatata iko na damu?”

“Ruffin, Mamu anauliza kama mbatata iko na damu.”

“Nimesikia minye pia. Haina damu.”

“Haina damu, Mamu.”

“Sasa virusi inaingia wapi? Virusi ni ya bantu. Ule mwaka wa korona tulivaa masque, tulifunga kanisa, hatukufunga shamba. Anataka tuvalishe mbatata masque?”

Adrienne alicheka. Mimi sikucheka.

“Umwambie ni vidudu njo vinabeba,” nilisema. “Ageuze jani moja tu aone. Vikimaliza kwake vinaruka vinakuja kwangu.”

“Mamu, anaomba mugeuze jani.”

“Minye ninageuzaka jani tangu yeye hajazaliwa. Ambia mukwe wangu ile ni moshi ya kiwanda. Hervé ameisha kuandika. Na kama Hervé ameisha kuandika, hakuna mutu wa kugusa kintu.”

Akaendelea kupalilia. Palizi safi sana, kuzunguka kila shina bovu.

Hervé ni mdogo wake Adrienne. Zamani alikuwa karani, na ukarani hauishi ndani ya mtu. Chini bondeni kuna kiwanda kinachochemsha shaba kwa asidi, na asubuhi nyingine moshi wake unapanda mpaka huku juu, koo linawasha. Sikatai. Moshi upo na tunakohoa. Basi Hervé alipoona majani ya mama yake yamegeuka njano, hakugeuza jani. Alinunua faili la plastiki. Aliunda komite ya waathirika wa moshi, akapita nyumba kwa nyumba akiandika majina, ili ofisi ya kilimo ya mjini itume tume ije kuhesabu mashina yaliyoharibika na kiwanda kilipe.

Huku kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua. Kilichosimama ndicho kinachohesabiwa. Miaka sita iliyopita bomba la maji machafu lilipasuka chini kule, likaua mahindi ya watu. Waliolia wakafyeka wakapanda upya hawakuandikwa, kwa sababu tume ilipofika ilikuta mahindi mazuri. Walioacha mahindi yaliyokufa yamesimama, wakakaa nayo miezi minne kama watu wanaolinda maiti, hao ndio waliolipwa. Tangu siku hiyo, mtu wa mlima huu akiona zao lake limeharibika, haligusi. Anakaa kando yake na kusubiri.

Nilimfuata Hervé nyumbani kwake.

“Beau, kaa,” aliniambia. Ananiita Beau, yaani shemeji, kwa kuwa nimemwoa dada yake. “Kahawa?”

“Hapana. Hervé, moshi gani inachagua mbatata inaacha maharage?”

“Unasema je?”

“Maharage ya Mama iko kando ya mbatata. Iko kijani, inacheka. Moshi ilipita juu yake ikaruka, ikasema, samahani, mi natafuta mbatata?”

“Maharage iko na ngozi nguvu.”

“Unajua je?”

“Beau, weye unapenda kukomplika mambo. Weye ni agronome?”

“Na weye?”

“Minye ni presida wa komite.”

Nilimwambia tung'oe zinazoumwa, tuzikaushe, tuziweke kwenye magunia, tume ikija ihesabu mashina makavu. Akasema gunia si ushahidi, mtu yeyote anaweza kujaza gunia majani. Nikasema tupige picha kwa simu, shina kwa shina. Akasema picha moja unaweza kuionyesha mara mia. Nikasema tuweke kijiti kila mahali shina lilipokuwa. Hapo alinitazama kwa huruma kabisa.

“Beau. Mutu wa tume atoke ku ofisi, apande mlima, aje kuhesabu bijiti?”

Kwa hiyo mashina yalibaki. Mimi nikawa napanda shambani kila asubuhi kabla jua halijapasha, nageuza majani chini juu. Siku ya kwanza nilikuta shina moja, mstari wa tatu kutoka kwenye mchaichai. Nililing'oa, nikalifunga kwenye mfuko na kulifukia mbali. Kesho yake manne. Siku iliyofuata mawili, nikafurahi kama mjinga. Halafu kumi na moja. Nilipanda mahindi haraka kando ya mchaichai yawe ukuta, lakini mahindi yanaota kwa siku zake, hayajali hasira ya mtu. Nilichemsha tumbaku na sabuni nikanyunyiza. Vidukari wangu walikufa. Wa mama mkwe walikuwa wanazaa, na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu.

Nilimrudia Adrienne mara nne. Mara ya nne nilimwambia aache kuyapaka maneno yangu asali.

“Unataka nimwambie nini?” aliuliza. “Mama, bwana yangu anasema weye njo unatuua?”

“Ndiyo. Hivyo hivyo.”

“Mwambie mwenyewe basi.”

Anajua siwezi. Ndiyo maana alisema.

Nikaona njia pekee ni kuiharakisha tume. Ije ihesabu, iende, tung'oe. Nilishuka mjini mpaka ofisi. Siku ya kwanza mtu wa mlangoni aliniambia agenti yuko terrain, maana yake mashambani. Siku ya pili agenti alikuwa kwenye mkutano kuhusu terrain. Siku ya tatu nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili, sikwenda hata kukojoa, na saa saba alitokea agenti mwenyewe, kijana mwembamba mwenye viatu vya mpira vyenye matope, jina lake Jean-Luc. Hakuwa mtu mbaya. Alilifungua faili la Hervé.

“Papa, faili yenu inakosa,” alisema.

“Inakosa nini?”

“Tume haitokake kwa chini ya famille thelathini. Hapa iko ishirini na tisa.”

“Moja tu?”

“Moja tu. Mukileta leo, kwa wiki moja niko kwenu.”

Familia ya thelathini ilikuwa mimi. Wengine wote mlimani walikuwa wameandika. Hervé alishaniomba mara mbili, nikamfukuza mara mbili.

Kuandika jina kulikuwa na sharti. Ukishaandikwa, shamba lako haliguswi mpaka lihesabiwe. Shamba hata moja likiguswa, Jean-Luc alinieleza, faili nzima inakuwa na mashaka, inarudi mwanzo. Maana yake mimi, niliyekuwa nang'oa kila asubuhi, ningekaa nikitazama. Tena ningeweka sahihi kwamba moshi umeniharibia, wakati najua si moshi. Nilitembea kutoka ofisini mpaka kituo cha treni na kurudi. Nikapiga hesabu: wiki moja nikiwa nimefungwa mikono, ningepoteza labda mistari miwili. Nisipoandika, mashina ya mama mkwe yangesimama mpaka yaoze, na ningepoteza yote ishirini.

Nilimpigia Hervé simu, akashuka ofisini. Niliandika, naye aliniangalia akitabasamu kama katekista aliyempata mlevi.

“Karibu, Beau,” alisema. “Unaona, hata weye moshi imekufikia.”

Wiki moja ya Jean-Luc ilikuwa siku kumi na mbili. Kila asubuhi Hervé alipita na kalamu, akihakikisha hakuna aliyegusa. Nilikaa kwenye kibanda changu cha shambani nikiona majani yakijikunja, leo shina hili, kesho jirani yake. Nilikuwa nafunga mikono kwapani ili isiende. Mama Émérence alipita upande wake na jembe, akamwambia Adrienne kwa sauti ya kusikika, “Bwana yako siku hizi ametulia. Njo muzuri.”

Siku ya kumi na tatu Jean-Luc alifika, akihema, suruali imelowa mpaka magotini. Watu kama arobaini walimfuata. Hervé alitangulia na faili. Walianza kwa mama mkwe. Jean-Luc hakuhesabu. Alichuchumaa, akageuza jani, akalitazama muda mrefu, akalibana karibu na sikio lake likalia. Akageuza jingine. Kisha akasimama akatazama maharage.

“Hii maharage ni ya nani?”

“Ya Mama pia,” Hervé alisema. “Iko na ngozi nguvu.”

Jean-Luc aliuvuka mchaichai akaja kwangu, akapita mstari kwa mstari. Mistari mitano ya kwanza ilikuwa imekwisha. Kuanzia wa sita mpaka wa ishirini ilikuwa mizima, mipana, yenye maua. Aliniuliza mbegu nilitoa wapi, nikamwambia Biano. Akarudi akasimama mbele ya watu.

“Moshi inaunguza kandokando ya jani, na inaunguza kila kintu,” alisema. “Mbatata, maharage, hata majani ya pori. Hii haiko moshi. Hii ni virusi. Inatoka ku mbegu yenu, na bidudu binaisambaza. Ya huyu papa ilikuwa muzima, imeambukizwa na ya jirani. Mung'oe yote inayojikunja. Leo.”

Akaandika kwenye karatasi yake: sababu, ugonjwa wa mbegu. Akaomba maji ya kunywa, akashuka.

Naapa, nilifunga mdomo. Nilisubiri tu watu wainame waanze kung'oa. Mama Émérence alikuwa amesimama ameshika jembe, anatazama shamba lake. Nadhani angeinama. Mpaka leo nadhani hivyo. Lakini Hervé alipanda juu ya jiwe.

“Bamemulisha,” alisema. “Muliona viatu vyake? Mupya, chini ya matope. Kiwanda kimemulisha. Tutaomba tume ya pili, kutoka Lubumbashi. Mutu asiguse kintu. Bushahidi ibaki.”

“Itachukua siku ngapi?” mtu mmoja aliuliza.

“Mwezi. Mwezi na nusu.”

Watu walianza kuitikia kwa vichwa. Ndiyo, asiguse mtu. Walianza kuondoka, kila mmoja kwenda kulinda mabovu yake.

Mimi nilivuka mchaichai.

Sikukimbia. Niliweka mguu mmoja, nikaweka wa pili, nikainama kwenye mstari wa kwanza wa mama mkwe wangu na kung'oa shina la kwanza. Lilitoka na udongo wake. Nililitupa nyuma. Nikang'oa la pili. Nilisikia Adrienne akisema, “Ruffin,” taratibu, kama unavyomwita mtu aliyesimama kwenye reli.

“Beau, unafanya nini?” Hervé alisema.

“Nang'oa.”

“Ile ni shamba ya Mama.”

“Najua shamba ya nani.”

“Mbele ya Mama? Unajua utatoa nini?”

“Mbuzi. Nitatoa. Mweupe, mweusi, utachagua weye.”

“Bantu wote hawa wanaona.”

“Wahesabu basi. Si munapenda kuhesabu.”

Hakuna aliyenishika. Kumshika mkwe anayetenda aibu ni kuingia katika aibu hiyo, na hakuna aliyetaka. Walisimama wakatazama. Nilimaliza mstari wa kwanza, mgongo unawaka, mikono imejaa maji ya majani. Sikumtazama mama mkwe. Nilijua tu alipo, kama unavyojua moto ulipo ukiwa umefumba macho. Katika mstari wa pili Adrienne alikunja kitenge, akaingia upande wa pili wa tuta, akaanza kung'oa naye. Alikuwa analia kidogo na kung'oa sana.

Tulipofika mstari wa nne nilisikia nyayo nyuma yangu. Nilifikiri amekuja kunifukuza, na kusema kweli angenifukuza ningetoka. Nyayo zilisimama, zikasogea, zikasimama. Kisha nikasikia kitu kikigonga ndani ya ndoo. Ta. Ta. Ta.

Niligeuka. Nilijisahau, nikageuka mwili mzima. Mama Émérence alikuwa ameinama, anayapekua mashina niliyoyatupa, anachuma mbatata kwenye mizizi. Zilikuwa ndogo, nyingine kama yai la njiwa. Ndoo ilikuwa imefika robo. Alikuwa anazipangusa kwa kidole gumba moja moja.

“Adrienne,” nilisema, “muulize Mama anafanya nini na zile.”

“Mamu, munafanya nini na zile?”

“Ambia bwana yako ni mbegu,” alisema. “Amevunja shamba yangu, sawa, ameisha kuvunja. Sitapanda mwaka ujao? Kubwa tunauzaka, kadogo tunapandaka. Mama yangu alifanyaka vile. Kila mutu anafanyaka vile.”

Nilikaa chini kwenye udongo.

Kila mtu anafanya hivyo, ni kweli. Mimi mwenyewe nilifanya miaka kumi na mmoja. Zile kubwa zinakwenda sokoni, za kati zinapikwa, na zile ndogo ambazo hakuna anayezitaka zinawekwa kibandani zisubiri mvua. Na shina linaloumwa ndilo linalozaa ndogo. Kwa hiyo kila mavuno tulikuwa tunauza uzima na kuhifadhi ugonjwa. Tuliuchambua kwa mikono yetu, tukauchagua, tukauweka mahali pakavu, tukaupa jirani aliyekosa mbegu, tukamfungia binti anayeolewa ndoo moja aende nayo. Hakuna kidukari aliyefanya kazi kubwa hivyo. Hata agronomi wa Biano hakuniambia hilo, au aliniambia nikawa natazama majani.

Nilisimama. Nilimtazama mama mkwe wangu usoni. Ana macho madogo, ya rangi ya kahawa, na jicho la kushoto lina kovu ambalo sikuwahi kujua kama lipo.

“Mama,” nilisema, “hizo hazipandwi.”

Mtu mmoja kule nyuma aliguna. Mama Émérence alisimama na mbatata mkononi. Hakuniangalia. Alimgeukia binti yake.

“Adrienne, nitapanda nini? Mawe?”

“Nitakupa yangu, Mama,” nilisema. “Ya Biano. Kutoka mistari ile mizima kule juu. Tukivuna, ndoo nne.”

Adrienne aliinua kichwa. Alijua ndoo nne ni nini. Mistari mitano ilikuwa imekwisha kufa, na hizi nne zingekula karibu mistari minne mingine. Shamba lote la msimu ujao lilikuwa linakuwa nusu shamba. Lakini kama mama angepanda ndoo ile, nusu hiyo nayo ingekuwa ya bure.

“Ambia bwana yako sita,” alisema Mama Émérence.

“Nne.”

“Amevunja shamba yangu mbele ya bantu. Sita.”

“Tano,” nilisema. “Na mbuzi.”

“Mbuzi haihesabiwi. Mbuzi ilikuwa yangu tangu alipovuka.” Alifikiri. “Tano. Kubwa kubwa. Asinipatie bya kutupa.”

“Kubwa kubwa, Mama.”

“Na hizi?” Aliinua ndoo kidogo. “Nizitupe? Chakula?”

Hapo nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikimwambia azitupe, hatazitupa. Hajawahi kutupa kitu. Nikimwambia azipeleke nyumbani azile polepole, wiki ijayo nusu itakuwa chini ya kitanda ikisubiri mvua, na hakuna atakayejua mpaka Januari. Virusi vya mbatata havimdhuru mtu, hilo niliambiwa wazi.

“Tunapika leo,” nilisema. “Hapahapa. Zote.”

“Zote?”

“Mpaka ya mwisho.”

Tuling'oa mpaka saa nane. Watu wachache walibaki, na wanawake wawili waliondoka kimya kimya kwenda kwao, nikaona kule mbali migongo yao imeinama. Hervé alishuka na faili lake kwenda kuandika barua ya Lubumbashi. Ndoo zilifika tatu. Mama Émérence aliweka mawe matatu mbele ya kibanda chake, akawasha moto, akazichemsha na maganda, chumvi na pilipili.

Sasa, mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Hata baada ya kumvunjia shamba, hilo halikubadilika. Labda ndiyo likazidi. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa, nimeupa ukuta mgongo. Adrienne aliniletea sahani imejaa. Nilikula. Zilikuwa na maji maji, hazina unga ndani, mbatata ya hovyo. Akaleta ya pili. Nikala nikisikia upande wa pili mama mkwe akiwaita watu waliobaki waje wachukue, na watu wakisema asante, wameshiba, walikula bukari, ule ugali wa huku, nyumbani. Hakuna aliyetaka kula mbatata zenye virusi. Asubuhi haikuwa virusi, ilikuwa moshi. Mchana imekuwa virusi.

Sahani ya tatu ilikuja na pilipili zaidi. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma.

“Iko ngapi bado?” nilimuuliza Adrienne.

“Ndoo moja na nusu.”

“Mama anafanya nini?”

Alichungulia kwenye kona ya kibanda. “Anazitazama. Ameweka kadogo kamoja kando, juu ya jiwe. Sijui ya nini. Haijapikwa.”

“Leta na hiyo,” nilisema.